Nafasi ya Bulyanhulu: kwa nini vyuo vinakua na kozi ya lazima inakosa viti

Kila mwaka, muhula wa pili unapoelekea ukingoni, wanafunzi wa uhandisi wa migodi, jiolojia na uchenjuaji wa madini huulizana swali lile lile: "Field umepata wapi?" Wapo wanaotaja Geita, wapo wanaotaja North Mara, wapo wachache wanaotaja Bulyanhulu. Wengine hujibu kwamba barua zimekwenda, majibu bado. Hapo lawama huanza kurushwa huku na huku. Mzazi anasema mgodi unachukua watoto wa wakubwa tu. Mgodi unasema nafasi zimejaa. Chuo kinasema kimeshaandika barua. Wakazi wa Kakola, mji uliokua ubavuni mwa mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, wanauliza kwa nini gari linashusha wageni kutoka Dar es Salaam na Dodoma ilhali vijana wao wamekaa vijiweni.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na ndiyo maana mjadala hauendi mbele. Kuna jambo moja ambalo karibu wote wanalipita: nafasi hiyo ya mafunzo kwa vitendo (field) inayogombewa si fadhila. Ni kiti cha kozi ya lazima, sawa na kiti cha ukumbi wa mihadhara. Tofauti ni kwamba chuo kinachomdahili mwanafunzi hakikimiliki kiti hicho, na hakuna anayekihesabu kabla ya kumdahili.

Kozi ya chuo, kiti cha mtu mwingine

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi wa uhandisi hufanya mafunzo kwa vitendo ya wiki nane baada ya mwaka wa kwanza, baada ya wa pili na baada ya wa tatu. Wenyewe wanaita PT. Anajaza logbook kila siku, msimamizi wa kazini anaisaini, mhadhiri anakwenda kumkagua, kisha anaandika ripoti inayopewa alama. Asiyefanya PT hahitimu, hata kama amefaulu hesabu zote na hajawahi kupata sapu. Bodi ya Mikopo nayo inalitambua hilo, kwani mafunzo kwa vitendo ni moja ya mafungu inayoyakopesha.

Kwa hiyo serikali inalipia, seneti inayataka, na mhadhiri anayasahihisha. Lakini mahali pa kuyafanyia pako karibu kilomita elfu moja kutoka Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, ndani ya uzio wa kampuni. Chuo hakina mamlaka juu ya idadi ya watu wanaoingia lango lile.

Hili linautofautisha upungufu huu na ule tuliouzoea. Msongamano wa kozi za lazima katika vyuo vyetu kwa kawaida una sura ya ukumbi. Waliosoma Mlimani wanakumbuka kozi za taaluma za maendeleo (DS) na za stadi za mawasiliano, ambazo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza sharti azipitie: daftari limewekwa kwenye siti tangu alfajiri kumwahia mwenzake, watu wamekaa kwenye ngazi za kumbi za Yombo, wengine wamesimama dirishani wakinukuu kwa kusikia. Hiyo ni shida halisi. Lakini dawa yake inajulikana. Jenga ukumbi mwingine, gawa darasa mara mbili, ajiri wahadhiri.

Tulivyofika hapa

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wasiofika 20 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kwa miongo mitatu kilikua taratibu, kwa sababu taifa lilidahili kwa kadiri ya nafasi za kazi serikalini na mashirika ya umma. Kisha milango ikafunguliwa. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka huo ikaunda Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa kikiwa na ndoto ya kuhudumia wanafunzi 40,000. Ada ya sekondari ikaondolewa. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza Januari 2016 bila ada alifika mlangoni mwa chuo kikuu mwaka 2022, na mwaka huo huo ada ya kidato cha tano na sita nayo ikafutwa.

Ni jambo la kujivunia, na sioni sababu ya kulizungumza kwa majuto. Nchi ambayo watoto wake wengi waliishia darasa la saba sasa ina tatizo la wasomi kukosa nafasi. Ila namna tulivyolipokea ongezeko hilo imekuwa ya aina moja: saruji. Mwaka 2017 yalifunguliwa Mlimani mabweni ya Magufuli yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Mwaka 2018 ikafuata maktaba kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China. Mwaka 2021 ukaja mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ambao unajenga kampasi, maabara na kumbi mikoani, ikiwemo Kizumbi hapa Shinyanga chini ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi.

Saruji ni ya lazima, lakini tumeshaonywa kwamba haitoshi. Mei 2016 wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi waliamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma ndani ya muda mfupi mno, baada ya wahadhiri kuacha kuwafundisha kwa sababu ya madai ya malipo. Vitanda vilikuwepo, kumbi zilikuwepo. Kilichokosekana ni makubaliano na binadamu wa kuwafundisha. Kiti cha chuo ni ahadi ya mtu kusimama mbele yako na kukufundisha, na ahadi hiyo haimwagwi kwa zege.

Sekta ya madini nayo ilikuwa na mwendo wake. Golden Pride ya Nzega ilianza mwishoni mwa miaka ya tisini, Geita ikafuata mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Tulawaka 2005, Buzwagi 2009. Programu za migodi zilinenepa kwa matumaini ya orodha hiyo, Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine vikaungana na kile cha Dar es Salaam kuzifundisha. Lakini orodha ya migodi mikubwa haikurefuka kwa kasi ya udahili. Tulawaka ilifikia mwisho wake mikononi mwa mwekezaji mwaka 2013, Golden Pride 2014, Buzwagi 2021. Madarasa yamekua huku mashimo ya kujifunzia yakipungua.

Kwa nini shimo halipokei umati

Wanaosema mgodi mkubwa hauwezi kushindwa kupokea vijana mia wanafikiria kiwanda. Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi. Mishipa yake ya dhahabu ni myembamba na imelala kwa mwinamo mkali, na shimo lake la wima linazidi kina cha mita elfu moja. Mtu mmoja anayeshuka huko ana hesabu yake. Lazima apimwe afya na apewe mafunzo ya usalama kabla hajagusa chochote. Lazima awe na buti, kofia, taa ya kofia na kifaa cha kumpa hewa salama moshi ukitanda. Jina lake au tegi yake hutundikwa ubaoni anaposhuka na kuondolewa anapopanda, ili ajali ikitokea ijulikane nani yuko chini. Vyumba vya hifadhi, ambako watu hukimbilia moto unapozuka, vina idadi ya watu vinavyoweza kuwahifadhi, na idadi hiyo haipanuki kwa sababu mkuu wa idara ameomba. Hewa yenyewe inasukumwa chini kwa feni kwa kipimo.

Juu ya hayo, mwanafunzi hatakiwi kushuka peke yake. Anahitaji mtu wa kufuatana naye, na mtu huyo ni mhandisi au fundi mwenye lengo la uzalishaji la zamu yake. Mhandisi huyo huyo huenda anamlea mhitimu aliye katika mpango wa miaka mitatu wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ule unaoitwa SEAP. Wote wanahitaji saini yake.

Kisha kuna hatari ambayo hakuna chuo kinachoweza kuizuia. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia nje. Bulyanhulu, ambayo sehemu ya dhahabu yake hutoka pamoja na shaba katika makinikia, ikapunguza shughuli Septemba mwaka huo, na wafanyakazi wapatao 1,200 wakaguswa. Makubaliano ya Barrick, kampuni yenye mgodi huo, na serikali, yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, yalisainiwa Januari 2020, na uchimbaji wa chini ukaanza kufufuliwa mwishoni mwa mwaka huo. Sizungumzii hapa kama marufuku ile ilikuwa sahihi. Nasema kwamba mwanafunzi aliyeingia mwaka wa kwanza mwaka 2016 alisoma miaka yake yote minne huku shimo moja kubwa la kujifunzia likiwa limelala kwa zaidi ya nusu ya muda huo. Kozi yake ya lazima iliendelea kuwa ya lazima.

Hesabu rahisi inaonesha ukubwa wa jambo. Tuseme darasa moja lina wanafunzi 60. Kwa kuwa PT ni mara tatu, chuo kinahitaji nafasi 180 kila mwaka kwa programu hiyo moja. Darasa likifika 120, zinahitajika 360. Na zote zinatakiwa miezi ile ile, kati ya mitihani ya Julai na kufunguliwa kwa chuo. Hapo hatujahesabu jiolojia, umeme, mitambo, mazingira, wala chuo cha pili.

Hoja ya kwanza: migodi ifungue milango

Hii ndiyo hoja yenye wafuasi wengi, na ina msingi wa kisheria. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini za mwaka 2018 zinaitaka kampuni iwe na mpango unaohusu ajira na mafunzo, na Tume ya Madini ndiyo inayousimamia. Makubaliano ya mwaka 2020 yaliipa serikali asilimia 16 ya hisa, hivyo umma ni mwenye mali pia. Barrick yenyewe iliahidi hadi dola milioni 10 katika miaka 10 kwa mafunzo yanayohusu madini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu akiuliza nafasi ziko wapi, anauliza swali halali.

Udhaifu wake ni kudhani kwamba nia njema inapanua shimo. Hata kampuni yenye moyo mkunjufu kuliko zote haiwezi kuongeza vyumba vya hifadhi kwa ajili ya wiki nane za Agosti na Septemba. Ikilazimishwa kwa idadi, itafanya kinachowezekana kirahisi: itawapokea vijana, iwaketishe ofisini, iwape video za usalama, isaini logbook. Wanafunzi wanaujua vizuri utaratibu wa namna hiyo, na wahadhiri wanaokagua wanaujua pia. Nafasi ya jina tu ni mbaya kuliko kukosa nafasi, kwa sababu inafunga faili la tatizo lisiloisha.

Waajiri wana hoja nyingine ambayo husikika kidogo. Wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Sehemu ya fedha hiyo huenda VETA na sehemu huenda kwenye mikopo ya elimu ya juu. Mwajiri anasema: nimeshalipia mafunzo mara moja, sasa mnaniomba nilipie tena kwa muda wa wahandisi wangu. Pendekezo la kumpunguzia tozo kwa kila mwanafunzi aliyemfundisha kweli linavutia, lakini kila shilingi itakayosamehewa Bulyanhulu itakuwa imepungua kwenye karakana ya VETA au kwenye mkopo wa mwanafunzi mwingine. Hilo halisemwi vya kutosha na wanaolipendekeza.

Hoja ya pili: vyuo vipunguze udahili

Upande wa pili unasema tatizo limetengenezwa vyuoni. Kwa nini udahili watu 120 wakati unajua huna pa kuwapeleka? TCU imewahi kuonesha kwamba inaweza kufunga mlango: mwaka 2017 ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya na kusimamisha programu 75 katika vyuo vingine 22, kwa sababu za ubora. Mamlaka yapo.

Nguvu ya hoja hii ni ukweli wake. Udhaifu wake ni nani atakayeumia. Nafasi zikipunguzwa leo, watakaobaki ni waliosoma shule zenye maabara na walimu wa fizikia wa kutosha. Wanafunzi wa Msalala, Nyang'hwale na Mbogwe, wanaotoka kwenye ukanda wenyewe wa dhahabu, ndio watakaokosa kwanza. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa watoto waliozaliwa juu ya mwamba wa Bulyanhulu watatengwa na elimu ya kuuchimba kwa jina la ubora. Chuo nacho kina mahesabu yake: ada ya wanafunzi ndiyo inayolipa mengi ambayo ruzuku haifiki. Programu ikipungua nusu, maabara yake inakosa fedha za vifaa.

Hivyo kupunguza udahili kwa panga ni kosa. Lakini kudahili bila kuhesabu ni kosa pia. Kati ya hayo mawili kuna njia, nitaifikia.

Hoja ya tatu: wapelekwe kwa wachimbaji wadogo

Ukitoka Kakola kuelekea Geita, nchi nzima ni darasa la madini. Kuna maduara yenye magogo yaliyopangwa kuzuia kuta, makarasha yanayosaga usiku kucha, mialo, marudio, yaani mabaki ya mchanga uliochenjuliwa, yaliyorundikwa yakisubiri vati, na mitambo ya kuchenjua. Wapo watu wanaoujua mwamba kwa kuushika tu, bila cheti. Hoja inasema: badala ya vijana wote kupanga foleni kwenye lango moja, waende huko. Huko ndiko uhandisi unakokosekana. Mpangilio mbaya wa nguzo unaua, zebaki inachomwa kwenye sufuria karibu na watoto, na dhahabu nyingi inabaki kwenye marudio kwa sababu kipimo cha usagaji si sahihi. Mwanafunzi mwenye akili akikaa wiki nane hapo anaweza kujifunza, na kusaidia, kuliko mwenzake aliyekaa na video ofisini.

Naipenda hoja hii, ila haipaswi kupendwa kwa kufumba macho. Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, wachimbaji walifukiwa na wengine wakaokolewa hai baada ya siku 41. Nyarugusu, Geita, Januari 2017, watu 15 walinaswa chini wakatolewa baada ya siku kadhaa. Waliokoka walishangiliwa na nchi nzima, na ni haki. Lakini hakuna mkuu wa chuo anayeweza kusaini barua ya kumpeleka mwanafunzi wa miaka 20 kwenye duara la namna hiyo. Pia hakuna wa kusaini logbook: mwenye leseni ndogo anaweza kuwa bingwa wa mwamba na asiwe mhandisi. Bima haipo.

Mazingira yanayofaa yapo, japo machache. Serikali ilijenga vituo vya mfano vya wachimbaji wadogo Lwamgasa huko Geita na Katente huko Bukombe. Mitambo ya uchenjuaji iliyosajiliwa ipo kwa wingi. Ofisi za Maafisa Madini Wakazi zipo, zina wakaguzi wanaozunguka maduara kila siku. Kundi la wanafunzi kumi na tano likiambatana na mhadhiri mmoja anayekaa nao wiki zote nane, wakifanya kazi za juu ya ardhi tu, ni mafunzo halali. Gharama yake ni mhadhiri huyo. Hapo ndipo vyuo huanza kukohoa.

Hoja ya nne: chuo kiwe na mgodi wake

Duniani, vyuo vya madini vyenye jina havikutegemea hisani ya jirani. Freiberg, Ujerumani, ambako chuo cha madini kilianzishwa mwaka 1765, kina mgodi wake wa mafunzo na utafiti, Reiche Zeche. Chuo cha Madini cha Colorado, Marekani, kimeutumia mgodi wa Edgar tangu mwaka 1921. Karibu zaidi, Ghana iliweka chuo chake cha migodi Tarkwa, katikati ya ukanda wa dhahabu, badala ya kukiweka Accra.

Sisi tuna migodi iliyofungwa. Golden Pride ilipofikia ukingoni kulikuwa na mpango wa kuyatumia maeneo yake kwa mafunzo ya Chuo cha Madini. Buzwagi, pembeni mwa mji wa Kahama, imetangazwa kuwa eneo la uwekezaji, na mwaka 2024 Barrick ikafungua hapo chuo cha kuwanoa wasimamizi wake. Majengo, karakana na barabara vipo. Kosa ni kuitazama Buzwagi kama jibu la kila kitu. Ulikuwa mgodi wa wazi. Hautamfundisha mtu namna hewa inavyosukumwa mita mia nane chini, wala namna ya kujaza pengo la mwamba baada ya kuchimba. Lakini unaweza kufundisha upimaji, karakana za mitambo, maabara za sampuli, na jambo ambalo nchi yetu italihitaji sana, yaani namna ya kufunga mgodi bila kuacha sumu. Kuendesha mahali hapo kwa ajili ya wanafunzi kunahitaji fedha kila mwaka, siyo za kuzindua tu.

Kalenda, jambo linalosahaulika

Hadi hapa kila upande unagombania nafasi zilizopo Agosti na Septemba. Mgodi hauna likizo. Bulyanhulu inachimba Februari kama inavyochimba Agosti, zamu ya usiku kama ya mchana. Kiti kile kile kinachogombewa na watu kumi mwezi Agosti hakina wa kukikalia mwezi Machi. Kalenda ya chuo, iliyopangwa kwa kufuata mihula, ndiyo inayowakusanya wanafunzi wote wa nchi kwenye lango moja wiki zile zile nane.

Darasa likigawanywa makundi mawili, moja likienda field katikati ya mwaka na lingine mwisho wa mwaka, uwezo wa kila mgodi unaongezeka karibu mara mbili bila kujenga chochote na bila kulazimisha mtu. Migodi yenyewe ina uzoefu wa utaratibu wa kupokezana: mpango wa mafunzo ya ufundi wa migodi ulioanzishwa VETA Moshi na kampuni za madini mwaka 2009 uliwafundisha vijana karakanani na mgodini.

Gharama ipo, na ni ya chuo. Kozi ya muhula wa kwanza italazimika kufundishwa mara mbili kwa mwaka, mara moja kwa kila kundi. Wahadhiri wataelemewa. Bodi ya Mikopo itatakiwa kutoa fedha za mafunzo kwa awamu mbili. Mabweni, kwa upande mwingine, yatapumua. Ukilinganisha na gharama ya kujenga kampasi, hii ni ndogo, ila inadai seneti zibadili mazoea, na mazoea ya chuo ni magumu kuliko mwamba wa Bulyanhulu.

Kuna marekebisho mengine ya aina hiyo hiyo. Si kila PT inahitaji shimo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anahitaji kushika spana, kuchomelea, kuandaa sampuli. Karakana yoyote nzuri ya Kahama au Mwanza inamtosha. Wa mwaka wa pili anaweza kukaa kwenye mtambo wa kuchenjua au kituo cha Lwamgasa. Wa mwaka wa tatu ndiye anayestahili kushuka chini. Katika ule mfano wa nafasi 180, zinazohitaji shimo kweli ni 60. Zikigawanywa mara mbili kwa mwaka, ni 30 kwa wakati mmoja kwa programu hiyo moja. Hiyo si idadi ya kumtisha meneja yeyote.

Dai la Kakola

Bado kuna swali la nani aanze. Wakazi wanaoizunguka Bulyanhulu hawadai kwa uchoyo. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo hilo kumpisha mwekezaji, na familia nyingi zilipoteza riziki yao pale. Miaka yote iliyofuata malori yalipita mbele yao kwenye vumbi la barabara ya Kahama. Kuwaambia leo kwamba nafasi za mgodini hugawiwa "kitaifa" ni kuwaambia wasubiri tena.

Lakini dai hilo likichukuliwa mpaka mwisho linawageukia. Kila eneo likifunga lango lake, kijana wa Kakola anayesomea umeme atakataliwa kwenye bwawa la Rufiji, na anayesomea gesi atakataliwa Mtwara. Msimamo wangu ni kwamba sehemu inayojulikana ya nafasi itengwe kwa wanafunzi wanaotoka vijiji vinavyouzunguka mgodi, iandikwe hadharani, na zilizobaki zigawiwe kwa mfumo mmoja ulio wazi ambao mwanafunzi anaweza kuona amekosa kwa nini. Usiri ndio unaozaa maneno kwamba nafasi ni za kujuana, na pale palipo na usiri mtu hana sababu ya kuamini vinginevyo.

Mizani inaelemea wapi

Nikizipima hoja hizi, naona ya kwanza na ya pili, zinazopigiwa kelele zaidi, ndizo zenye matunda machache zikisimama peke yake. Kuulazimisha mgodi kunazaa saini za bure. Kukata udahili kunawaumiza wasio na sauti. Ya tatu na ya nne zina faida ya kweli, lakini zinahitaji wahadhiri na fedha za kila mwaka. Jambo la haraka na la bei nafuu ni kalenda pamoja na kupanga PT kwa kiwango cha mwaka wa masomo, na hilo liko mikononi mwa vyuo vyenyewe. Hakisubiriwi kibali cha mwekezaji.

Kamati za ushauri za viwanda zilizoundwa chini ya HEET ndizo mahali pa kuanzia mazungumzo, kwa sababu chuo na mwajiri wanakaa meza moja. Tume ya Madini iyadai makampuni idadi ya nafasi za mafunzo kwa mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, kama inavyodai takwimu za ununuzi wa ndani. Na TCU ifanye jambo moja ambalo haligharimu hata tofali. Mwongozo wake wa udahili, unaotoka kila mwaka, unaonesha kwa kila programu idadi ya wanafunzi inayoweza kupokewa. Pembeni ya namba hiyo iandikwe ya pili: nafasi za mafunzo kwa vitendo ambazo chuo kimezithibitisha kwa maandishi. Chuo chenye pengo kubwa kati ya namba hizo mbili kieleze hadharani kitalizibaje, kabla hakijaruhusiwa kuongeza hata mwanafunzi mmoja. Mzazi wa Msalala anayeuza mpunga ili mwanaye asome uhandisi ana haki ya kuziona namba zote mbili kabla ya kulipa.